Shajara ya printa ya keki: saa mbili ni saa ngapi?

Jumamosi

Nimeanza. Naandika hii shajara juu mradi wangu wa mwisho niliuacha miezi nane, kurudi sikuelewa kodi yangu mwenyewe ya programu (code), ni kama iliandikwa na mtu alikuwa amenikasirikia. Kwa hivyo safari hii naweka kila kitu chini, hata zile za aibu.

Kazi yenyewe ni hii. Anti yangu, dadake baba, anaoka keki nyumbani kwake Buruburu, hapa Nairobi, na oda zote zinaingia kwa simu, meseji juu ya meseji. Wiki jana mteja aliandika "kilo mbili vanila nakuja Ijumaa saa 2". Anti akaamka saa tisa usiku, akaoka, akangoja ipoe, akapaka krimu, ikifika saa mbili asubuhi keki iko mezani imevaa imependeza. Mteja akaja saa nane mchana. Kumbe 2 yake ilikuwa ile ya kizungu. Friji imejaa, jua limewaka, krimu ilikuwa imeteremka upande mmoja kama ukingo wa barabara baada ya mvua, na mteja ndiye alinuna! Akapunguziwa mia tano.

Mpango: oda inaingia kama meseji, programu inasoma siku na saa, inachapa karatasi ndogo kama risiti ya supamaketi, Anti anabandika ukutani. Siku yenyewe ikifika inachapa ingine ya kumkumbusha. Hakuna apu. Anti alisema apu hataki, simu yake iko na apu kumi na nne hajui ni za nini, na mtu mwenye unga hadi kwa viwiko hawezi kushika simu. Nikaona ako sawa kabisa.

Leo nilipita Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki mjini, nikachukua printa ya risiti, ile haina wino, inachoma karatasi kwa joto, karatasi ya upana wa milimita 58. Muuzaji alianza na elfu tano mia tano tukamalizana elfu tatu mia nane na rola tatu za karatasi juu. Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo ya bodi moja, nilikuwa nayo kwa droo inakula vumbi, na modemu ya USB ya zamani, ile kila mtu alikuwa nayo chuo. Nikapanda matatu ya 58 hadi kwa Anti nikafika saa kumi jioni vile nilikuwa nimemwambia, nikapata ati ameningoja na chai tangu asubuhi. Sikuelewa lakini chai nilikunywa.

Jumanne usiku

Printa imeongea! Unatuma baiti mbili za kuiamsha, 1B na 40, halafu maneno yako, halafu laini mpya, na inatoa. Hakuna draiva, hakuna kungoja apudeti. Kazini nafanya kazi kwa mfumo ambao kubadilisha rangi ya kitufe kimoja kunapitia watu wanne na siku mbili, hapa nimetuma baiti na kitu kimetoka nikakishika mkononi kikiwa moto. Nilichapa jina langu kama mara ishirini hivi, sioni haya.

Laini moja inabeba herufi 32 tu. Hiyo ni nzuri, inakulazimisha useme jambo. KILO 2 VANILA. IJUMAA. SAA NANE MCHANA. Basi. Nikaandika saa kwa maneno maksudi, hiyo namba ndio ilileta shida mwanzo.

Nilimpelekea ya kwanza, akaibandika kando ya oveni ndio aione akigeuka. Baada ya dakika arobaini hivi ilikuwa nyeusi tii, yote, kama imezamishwa kwa lami. Karatasi yenyewe ndio iko na dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, na mimi nimeipeleka jikoni! Anti aliniangalia tu. Sasa zinakaa kwa mlango wa friji na sumaku.

Alhamisi

Leo ndio nimeumia kichwa na naandika hii kwa urefu.

Kusoma saa kwa meseji nilidhani ni kitu ya jioni moja. Fomula kila mtoto wa Kenya anaijua: ongeza sita. Saa mbili ni 8, saa tatu ni 9, ukipita 12 unazunguka. Halafu unaangalia neno linalofuata: asubuhi acha hivyo, mchana na jioni ongeza 12, usiku ongeza 12 kama ni mapema na uache kama ni usiku wa manane. Nikaandika, nikapima na meseji kumi, zote zikapita, nikaenda kulala nikiwa bingwa.

Leo oda imeingia: "Jumamosi saa tano mchana". Programu ikachapa saa 23:00. Saa tano usiku! Nikarudia hesabu kwa kidole: tano na sita ni kumi na moja, mchana ongeza kumi na mbili, ishirini na tatu. Hesabu iko sawa. Lakini saa tano mchana ni 11 kabla ya adhuhuri, jua liko karibu utosini, na kuna watu wanaiita asubuhi na wengine mchana na wote wako sawa. Nikaongeza sharti, kama ni tano na ni mchana usiongeze. Halafu nikaona saa nne mchana nayo watu husema. Sharti lingine. Halafu saa kumi na moja asubuhi, hiyo ni 5, lakini saa kumi na moja ni jioni pia. Halafu saa moja jioni na saa moja usiku, ambazo ni saa ile ile moja. Kufika saa sita usiku (00:00 kwa wale wa kompyuta) nilikuwa na masharti kumi na saba, kila moja inaziba shimo la mwenzake, ni kama paa la mabati ya kuokota.

Nikazima skrini nikatoka kwa balkoni. Hapo ndio niliona ujinga wangu. Nilikuwa nimechukua siku ya kizungu, imekatwa usiku wa manane na adhuhuri, halafu nashindilia Kiswahili ndani yake kwa nguvu. Saa zetu hazikatwi hapo. Zinakatwa jua likichomoza na jua likizama. Asubuhi, mchana na jioni ni majina tu ya vipande vya mwanga, na mipaka yao kila mtu anajiwekea. Kitu cha kuuliza ni kimoja: kuna mwanga au kuna giza?

Basi nikafuta zote kumi na saba. Chukua namba ya saa, kama ni 12 ifanye 0. Kama ni mwanga ongeza 6. Kama ni giza ongeza 18. Mwisho.

Saa kumi na mbili asubuhi inakuwa 0 na 6, yaani 6. Saa tano mchana ni 5 na 6, 11. Saa kumi jioni ni 16. Saa tatu usiku ni 3 na 18, 21. Na ile iliyonifurahisha zaidi: saa nane usiku inatoka 26. Nilitaka kuirekebisha nikajizuia. 26 ni sawa! Ni saa mbili baada ya 24, yaani usiku wa Jumanne umevuka ukaingia kwa tarehe ya Jumatano bila mimi kuandika chochote, kompyuta inaongeza masaa 26 kwa tarehe na inafika yenyewe. Usiku unaenda hadi 29, hiyo ni saa kumi na moja alfajiri, halafu siku inaanza.

Yaliyobaki ni matatu tu ya mpakani: saa kumi na mbili jioni na saa moja jioni ziende giza, na saa kumi au kumi na moja asubuhi ziende giza pia, lile la usiku wa kuamkia siku hiyo. Laini tisa za kodi. Nimeongea Kiswahili tangu nizaliwe na nikiketi mbele ya kibodi nafikiria kwa saa ya mtu mwingine, hiyo sijui nimlaumu nani.

Jumapili

Siku ya kesho. Namaanisha neno "kesho".

Mteja aliandika Jumanne jioni "kesho saa nane". Anti hutuma meseji mbele kwa laini ya modemu akipata nafasi, na alipata nafasi Jumatano alfajiri akingoja oveni ishike moto. Programu ikaona meseji imeingia Jumatano, kesho ni Alhamisi, ikachapa Alhamisi. Bahati Anti alikuwa anakumbuka kwa kichwa. Tumebadilisha: laini ya modemu ndio laini ya oda sasa, wateja wanatuma huko moja kwa moja, na kuambia watu namba mpya kulichukua wiki nzima.

Modemu unaongea nayo kwa amri zinazoanza na AT, lugha iliyoanza na modemu za kampuni ya Hayes mwaka 1981, mimi sijazaliwa. Unaiuliza nipe meseji zote, inakupa pamoja na muda iliotumwa, mfano 20:15:32+12. Hiyo +12 nikasema eeh, hiyo ni taimuzoni, masaa kumi na mbili mbele. Nikatoa kumi na mbili nikaongeza tatu za hapa kwetu. Mtu akituma saa mbili asubuhi programu inasema alituma jana saa tano usiku, na kesho yake inakuwa leo. Nilihangaika nayo jioni nzima. Kumbe hiyo namba inahesabiwa kwa robo saa. Robo kumi na mbili ni masaa matatu, ndio sisi hao.

Jumatano

Stima ilipotea mtaa mzima kutoka mchana hadi usiku. Ikarudi, Pi ikawaka, kila kitu kikawaka, na kadi ya kukumbusha ya saa moja asubuhi ikatoka saa tano. Hii Pi haina betri ya saa ndani. Ikizimwa ghafla inaamka na ile saa ya mwisho iliyohifadhi, halafu inangoja intaneti iiambie ukweli, na bando ya Anti ilikuwa imeisha. Ni kama mtu alilala kwa matatu akaamka akiendelea na stori pale alipoachia.

Dawa yake ni kidude kinaitwa DS3231, saa ndogo na betri ya duara, kinapotea kama dakika moja tu kwa mwaka. Mia nne hivi Luthuli. Tahadhari kwa mwenye atafuata nyayo: hizi bodi za bei rahisi ziko na sakiti ya kuchaji betri na betri ya kawaida ya CR2032 haichajiwi, inaweza kuvimba. Nilitoa rezista ndogo ya kuchaji na pasi ya kulehemu, nikaunguza kidole, ikaisha hivyo.

Ijumaa

Majina ya siku. Python, lugha ya kuandikia programu, inahesabu Jumatatu ni 0. JavaScript, nayo lugha kama hiyo, inasema Jumapili ni 0. Sisi Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, Jumatatu ni tatu, jina lenyewe ndio namba, halafu tunafika Jumatano ambayo ni tano, na inayofuata ni Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo inatokana na tano. Wiki iko na tano mbili! Nilicheka peke yangu kwa matatu, mama wa kando akahama kiti kidogo.

Nilimwambia jamaa wa Mombasa tunayefanya naye kazi, nikidhani nimegundua kitu. Akasema hiyo ni ndogo, niambie, mtu akikwambia usiku wa Ijumaa utaoka lini? Nikasema Ijumaa usiku. Akatikisa kichwa. Kwa wazee wa kwao siku inaingia magharibi, jua likizama Alhamisi hapo hapo ni Ijumaa, kwa hivyo usiku wa Ijumaa ni ule sisi wa bara tunaita Alhamisi usiku. Akaniuliza pia kama programu inajua mtondo. Haijui, mimi pia nilikuwa sijui. Kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Nimeziweka zote nne, hata kama Buruburu hakuna mtu ataandika mtondogoo hadi nife.

Hiyo ya usiku wa Ijumaa sijaitatua kwa kodi. Ikiona "usiku wa" na jina la siku inachapa MPIGIE SIMU.

Jumatatu

Dakika thelathini na tatu.

Kwa wiki nzima Anti anasema kadi za kukumbusha zinachelewa. Nikasema ni oveni inamchanganya, nikasema ni Pi imezeeka, nikampa sababu zote isipokuwa ya kukaa chini niangalie. Leo nimekaa. Kadi ya saa mbili kamili imetoka saa mbili na dakika thelathini na tatu. Ya saa nne, saa nne na thelathini na tatu. Ikichelewa kwa kubahatisha ningesema ni mzigo, lakini 33 kila mara? Hiyo ni hesabu ya mtu.

Nilikuwa natumia laibrari ya zamani ya taimuzoni ya Python, inaitwa pytz, na nilikuwa nimeibandika kwa saa kwa njia ya mkato. Ukifanya hivyo haikupi Nairobi ya leo. Inakupa mstari wa kwanza kabisa wa Nairobi kwa faili la taimuzoni la dunia, na mstari wa kwanza unasema masaa 2 dakika 27 sekunde 16 mbele ya Greenwich. Tatu kasoro dakika 33. Ndio hiyo.

Lakini 2:27:16 imetoka wapi? Nairobi iko karibu nyuzi 36.8 mashariki ya Greenwich na dunia inazunguka nyuzi moja kwa dakika nne. Zidisha, unapata dakika 147, masaa mawili na dakika 27. Ni saa ya jua la hapa, tupu, kabla mtu wa serikali hajaigusa. Faili linasema ilitumika hadi 1908. Baadaye ikawa masaa mawili na nusu, 1928 ikawa tatu, 1930 ikarudi mbili na nusu, mwisho wa 1936 ikawa tatu kasoro robo (nani huamka akaamua tatu kasoro robo?), na 1942 ikarudi tatu hadi leo. Na kwa faili hilo hilo Dar es Salaam, Kampala, Addis Ababa na Mogadishu hazina saa zao siku hizi, kila moja imeandikwa tu kwamba fuata Africa/Nairobi. Nilimtumia picha rafiki yangu wa Dar, hajajibu.

Nilirekebisha kwa kuhamia zoneinfo, ambayo inakuja na Python yenyewe tangu 3.9. Laini mbili. Lakini sikulala haraka. Sababu ukiangalia jua la Nairobi, mwaka mzima linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu, linasogea kidogo tu huku na huku, na kuzama ni hivyo hivyo. Hiyo nusu saa ndio ile 33. Yaani tukisema saa moja asubuhi, saa moja tangu kupambazuke, kwa jua lenyewe bado ni nusu saa tu imepita, na programu yangu mbovu, kwa wiki moja, ilikuwa inamwamsha Anti kwa saa ya kweli ya Kiswahili kama vile ingekuwa hapa kabla ya 1908. Nilitaka kumweleza. Akasema keki za ubatizo zilichelewa, hataki stori.

Jumamosi tena

Imebaki ile ile ya kwanza. Mtu akiandika "saa 2" bila neno lingine, ni saa gani? Nilijaribu kukisia: duka halipokei mtu usiku kwa hivyo chukua mwanga. Lakini mwanga wa nani, 8 au 2? Zote ni mchana kweupe. Wiki jana tu mmoja aliandika "Jumamosi saa 6" nikaweka adhuhuri, kumbe anataka saa kumi na mbili asubuhi kabla basi la kwenda harusini litoke. Anti alikuwa amejua. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Huyo huandika kizungu hata akiandika Kiswahili."

Ikawa hivyo. Nimeongeza safu moja kwa hifadhidata: kila namba ya simu iko na K au Z. K ni wa Kiswahili, Z ni wa kizungu, akiandika am au pm basi hiyo inashinda kila kitu. Nilimchapia Anti orodha ya namba zote 41 akakaa na biro kwa meza ya jikoni, hakufikiria hata sekunde mbili kwa mtu mmoja. K, K, Z, K. Huyu Z lakini akiwa na haraka ni K. Huyu ni mwalimu, K. Huyu anakaa Kilimani, Z. Watatu aliwawekea alama ya kuuliza, hao watapata MPIGIE SIMU.

Nimekuwa nikiingiza hiyo orodha sasa hivi. Namba ya 29 ni yangu, kumbe nilitumia laini ile kupima. Meseji yake ya kwanza, ya ile siku nilipeleka printa: "Anti niko njiani leo nitafika saa 4". Kando yake, kwa biro, ameandika Z na kupigia mstari mara mbili.